Majalada Matatu kwa Marehemu Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nililamba kidole ili nifungue ukurasa, na Mzee Mutiso akapiga meza kwa rula ya chuma hadi nikaruka.

"Wewe binti! Huyo unayemlamba ni marehemu wa watu."

Nikarudisha mkono mapajani kama mtoto wa madrasa. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika chumba cha magazeti ya zamani. Sasa nimetoka, mwezi umepita, na Achieng aliyerithi meza yangu ameniomba niwaandikie nyinyi mliobaki yale mambo ambayo hayamo kwenye kitabu cha maagizo. Kuhusu nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini, hayo yaacheni. Hata mimi sikuyaelewa yalipokuwa yakitokea.

Nilidhani watakaokuja kwetu ni maprofesa na watu wa siasa wanaotafuta hotuba zao. Walikuja, ndiyo, wakatuchosha na maswali. Lakini kwa kila profesa mmoja tulipata watu kumi waliokuja kutafuta ndugu. Mtu anaingia, anavua kofia, anazungukazunguka, halafu ananong'ona: "Mama, ninatafuta watu wa baba yangu." Hao ndio waliokuwa kazi yetu hasa, na kwao tulifungua kurasa za nyuma, zile za matangazo ya vifo ambazo wengi huzipitia haraka asubuhi kuona kama kuna wanayemjua.

Na mimi ni nani wa kusoma vifo vya watu? Mimi ni Mnubi wa Makina, hapa Kibera. Sisi mtu akifariki asubuhi, alasiri tumeshamzika. Habari inatangazwa msikitini, majirani wanapashana, sufuria zinatoka, imekwisha. Gazeti la kesho litamkuta maiti tayari yuko kaburini. Kwa hiyo katika majalada yote yale, tangu ya enzi za mkoloni, ukoo wangu haumo. Mzee Mutiso alipenda kunitania: "Halima, nyinyi hamfi?" Nami nikimjibu, "Tunakufa, mzee, ila hatungojei mchapishaji."

Mzee huyo alikuwa Mkamba mwembamba, shati limepigwa pasi hadi linakata, na yote ninayojua kuhusu kazi hii alinifundisha yeye. Alinifundisha kugeuza ukurasa kwa kiganja kutoka pembe ya juu. Alinifundisha kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu, kamwe si kibichi, na kushusha rula chini ya mstari ninaousoma, kwa sababu jicho lililochoka huruka mstari na mstari uliorukwa ni mtoto wa mtu. Alinifundisha kuandika kadi: jina la marehemu, kijiji, kazi yake, tarehe, jalada, ukurasa. Kazi ya marehemu aliiandika kwa wino mwekundu. Majina yanafanana, alisema, lakini mpishi wa shule ya bweni si dereva wa lori.

Juu ya yote alinifundisha tangazo lenyewe linavyozaliwa. Mnayajua: "Ni kwa huzuni kubwa lakini kwa kuyakubali mapenzi ya Mungu tunatangaza kifo cha fulani," mwana wa fulani, mume wa fulani na fulani, baba wa hawa, babu wa wale, shemeji wa wengine. Msomaji anadhani hiyo ni orodha ya ukoo. Si orodha ya ukoo, alisema Mzee Mutiso. Jioni watu wamekaa kwenye viti vya kuazima, kuna kamati, kuna mtu mmoja ameshika kalamu, na wengine wanamtajia majina. Aliyefika kikaoni anajitaja. Aliyechelewa basi anaachwa. Aliyegombana na mwenye kalamu anasahaulika kwa namna ya ajabu sana.

"Tanzia huandikwa na waliofika," aliniambia. "Kumbukumbu huandikwa na waliobaki wakafikiri. Kwa hiyo marehemu mmoja, majalada matatu. La kifo, la mwaka wa kwanza, la mwaka wa pili. Usimwambie mtu hayumo kabla hujafungua yote matatu."

Nilisema ndiyo, mzee. Niliiandika hata kwenye daftari na kuipigia mstari. Na miaka ikapita, nikawa hodari, nikawa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Siku hiyo ilikuwa Ramadhani, saa tisa na nusu. Nilikuwa ninawaza sambusa ambazo bado hazijakunjwa na wageni niliowaalika kufuturu. Akaingia kijana mmoja, sweta lake limejaa vipande vya sponji, akaandika kwenye kitabu cha wageni: Erasto, fundi wa makochi, Kawangware 46. Nikamwambia aketi.

Hakuketi. Alisimama akanieleza yote kwa mara moja, kama mtu aliyeyarudia njiani. Mama yake, Jerida, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baba yake aliitwa Hezron, mpishi wa shule moja ya bweni hapa Nairobi, Mmaragoli wa Magharibi. Alikuwa na mke nyumbani na Jerida alikuwa mke wa mjini. Hezron aliugua, akarudishwa nyumbani, akafia huko Erasto akiwa nasari. Jerida alikuwa amehama chumba, hakuna aliyejua pa kumpata. Alikuja kusikia sokoni miezi baadaye, kutoka kwa mwanamke wa kwao Hezron, na kwa uchungu na aibu hakukanyaga huko tena, wala hakumtajia mtoto jina la kijiji.

"Sasa ninataka kuoa," Erasto akasema. "Msichana anaitwa Evaline. Nilienda kwao nikajieleza. Babake akaniuliza, wazee wako wako wapi? Nikasema sina. Akaniambia kijana, huku hatuongei na mtu aliyekuja peke yake. Nenda ulete watu wa kwenu."

"Basi tukipata tangazo tutapata kijiji," nikasema. "Uende."

Akatikisa kichwa. "Mama, mimi nikitokea huko kutoka Nairobi niseme ni mtoto wa Hezron, watasema nimefuata shamba. Watanifukuza na mbwa. Lakini kama jina langu limo kwa gazeti, nitalibeba. Kama halimo, sitaenda."

Mnaona jambo lilivyokuwa. Kijiji kisingemsaidia bila jina. Alitaka kuona kama baba yake alipolala, kuna mtu yeyote aliyesema yule mtoto wa Nairobi naye ni wetu.

Kwa wino mwekundu wa Mzee Mutiso sikuchukua dakika ishirini. Hezron, mpishi. Jalada hili hapa. Nikashusha rula mstari kwa mstari na kijana akainama begani pangu, akanukia gundi. Mume wa Foibe. Baba wa fulani na fulani na fulani. Nikahesabu. Jerida hayumo. Erasto hayumo.

Majalada mengine mawili yalikuwa stoo chini, na ufunguo ulikuwa kwa Mzee Mutiso, aliyekuwa kwenye mkutano. Ningengoja nusu saa. Nikatazama saa ya ukutani, nikawaza sambusa, nikasema sentensi ambayo nimeisikia masikioni kila Ramadhani tangu hapo:

"Watoto ni sita, na wewe si mmoja wao."

Nilisema vizuri, kwa upole, kama mtu anayejua kazi yake. Erasto alitazama ukurasa kidogo. Akasema, "Asante, mama. Angalau nimejua." Akainua kofia yake na kuondoka, na sponji mbili tatu zikabaki kwenye kiti alichoshikilia. Mimi nikaenda kukunja sambusa. Zilisifiwa sana.

Miaka miwili baadaye mwalimu mmoja alikuja akitafuta habari za nyanya yake. Kwa kuwa Mzee Mutiso alikuwa amesimama hapo hapo, nilifuata utaratibu, nikaleta majalada yote matatu. Nikiwa ninapekua la tatu, jicho likaangukia picha ya mwanamume mwenye kofia ya mpishi. Chini yake, maneno. Niliyasoma mara moja tu siku hiyo na ninayajua mpaka leo:

"Baba Hezron, miaka miwili tangu utuache. Unakumbukwa na mkeo Foibe, na watoto wako saba." Majina sita niliyoyajua. Halafu: "na Erasto wa Jerida, aliye Nairobi. Erasto, popote ulipo, njoo uone kaburi la baba yako. Nyumbani kwenu ni hapa."

Jameni. Lile tangazo lilikuwa limekaa stoo, chini ya miguu yangu, siku ile ile nilipomwambia kijana wa watu hayumo. Familia ilikuwa imemwita kwa sauti, kwa maandishi ya kununua, na mimi ndiye niliyefunga mlango kwa sababu ya futari.

Nikampelekea Mzee Mutiso jalada likiwa wazi, nikamweleza bila kujitetea. Nilijua atapiga meza. Hakupiga. Alisoma polepole, akavua miwani, akaipangusa kwa tai.

"Ulifungua mangapi?"

"Moja, mzee."

"Anakaa wapi?"

"Kawangware 46. Ni fundi wa makochi. Aliandika kwa kitabu."

"Basi nenda sasa hivi. Nitaandika uko kazini, kwa sababu uko kazini."

Ninamshukuru Mzee Mutiso kwa mengi, lakini kwa hilo zaidi. Angeweza kunitia aibu mbele ya mwalimu yule na ningestahili. Badala yake alininakilia tangazo kwa mkono wake mwenyewe, kwa yale maandishi yake ya kuchonga, akanipa na bahasha ili lisikunjike. Hakulitaja tena mpaka alipostaafu.

Mtaani Kawangware 46 ukiuliza fundi wa makochi unaonyeshwa mafundi kumi na wawili, na ukitaja Erasto unaulizwa Erasto yupi. Niliuliza kwenye vibanda vya mbao, niliuliza kwa wauza sponji, nikamuuliza mama mmoja wa mahindi choma aliyenitazama buibui langu juu mpaka chini.

"Ni deni, auntie?"

"Deni, ndiyo. Langu mimi kwake."

"Hiyo sijawahi kuskia," akasema, akanielekeza.

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya kochi lisilo na kitambaa, misumari midogo imejaa mdomoni, nyundo mkononi. Alinitambua. Kwenye benchi palikuwa na mwanamke kijana amepakata mtoto mchanga anayelala. Huyo alikuwa Evaline. Walikuwa wameamua kuishi tu pamoja, bila wazee wa huku wala baraka za kule, na babake Evaline hakuwa amemsemesha binti yake tangu ahame nyumbani.

Nikasema, "Erasto, mimi nilikosea. Sikuangalia mpaka mwisho. Soma hii." Akaichukua karatasi, akaanza kuisoma huku misumari iko mdomoni. Niliona macho yanashuka mstari kwa mstari, kama rula. Alipofika chini, akatema misumari yote kwenye kiganja.

"Mama, hii iliandikwa lini?"

Nikamwambia.

"Kwa hiyo nilipokuja pale kwenu ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Ilikuwa stoo."

Akasimama. Kusema kweli niliogopa. "Miaka miwili!" akapiga kelele, mpaka fundi wa jirani akazima randa yake ya umeme. "Miaka miwili najiita mtoto wa hewa! Huyu mtoto nimemwita Baraka kwa sababu sikuthubutu kumpa jina la babu! Unajua nimemwambia mke wangu nini? Nimemwambia baba yangu alinifuta!"

Nikasema tu nisamehe, mwanangu, nikarudia, nisamehe. Mtoto akaamka kwa kelele akaanza kulia. Evaline akamwinua begani, akaichukua karatasi kutoka mkononi mwa mumewe, akaisoma yeye.

"Baba Baraka," akasema, "hapa wameandika njoo. Hawajaandika njoo mwaka gani."

Erasto akaketi kwenye kochi lile la uchi, juu ya springi tupu, akalia. Nami nililia, sioni haya kuwaambia. Fundi wa jirani akaleta maji kwa kikombe cha plastiki, nikakikataa kwa mazoea kisha nikakumbuka Ramadhani ilishapita zamani, nikanywa.

Alisafiri wiki ile ile, amebeba karatasi ya Mzee Mutiso ndani ya bahasha. Mambo ya huko alinisimulia yeye. Alipotaja jina lake langoni, kizee mmoja alitoka jikoni, mikono imejaa unga. Ni Foibe, mke mkubwa. Hakuomba kitambulisho wala hakuitazama karatasi. Alimshika mkono kwanza akampeleka kaburini, akamfanya achukue udongo autupe, kwa sababu ndugu zake wote sita walikuwa wametupa na yeye tu ndiye aliyebaki. Halafu akamwambia, sasa ingia unywe chai. Kumbe aliyeweka tangazo lile gazetini alikuwa yeye. Kwenye kikao cha matanga shemeji yake ndiye aliyeshika kalamu, na Foibe alipomtaja mtoto wa Jerida, shemeji alijifanya hasikii. Kwa miaka miwili aliuza mayai na kuwasihi wanawe, mpaka akalipia nafasi yake mwenyewe.

Mwezi uliofuata Foibe alishuka Nairobi na wazee watatu wa ukoo kwenda kuongea na babake Evaline. Sikuwepo, lakini nasikia wazee wa pande zote walitaniana mpaka chai ikapoa, na mtoto akaondoka pale akiitwa Baraka Hezron. Kabla ya kurudi, Foibe akasema anataka kumwona huyo mama wa magazeti. Erasto akamleta kwangu Makina. Nilijiandaa kulaumiwa, nikapanga maneno. Yeye aliingia na kuku hai kwapani.

"Sikumchinja," akasema. "Nimeambiwa nyinyi mna njia yenu. Mchinje mwenyewe tule wote."

Nikamwita kaka yangu akamchinja, tukapika wali, tukala. Nilipoanza kuomba msamaha, Foibe akaniwekea paja la kuku kwenye sahani. "Dada, mimi nilitupa barua kwenye upepo. Wewe ndiye uliyeiokota. Kula." Tangu siku hiyo, kila alipokuja mjini lazima afike kwangu, na kila mara na kuku wake. Aliniita dada mpaka majirani wakaanza kuniuliza kama ukoo wetu una Wamaragoli.

Sasa mmeelewa kwa nini niliwasumbua sana na majalada matatu. Mlinung'unika, ninajua. Achieng uliwahi kuniambia, "Mathe, si kila kitu iko kwa kompyuta siku hizi?" Iko, ndiyo, mwanangu, na ninaishukuru hiyo kompyuta, imeniokolea mgongo. Lakini inatafuta jina uliloipa. Haikuambii nani alikuwa ameshika kalamu.

Wiki yangu ya mwisho kazini, nikiwa ninapanga vitu vyangu kwenye katoni, Erasto akaingia. Ana mvi sasa. Sponji bado zimo kwenye sweta. Akanipa pole kabla sijaelewa, nikajua Foibe ametutoka. Alikuwa amezeeka, alifia usingizini, hakuteseka. Nikaketi. Nilimlilia kama nilivyomlilia dada yangu wa tumbo moja.

Halafu Erasto akatoa karatasi ya daftari. "Kamati ilikaa jana, pale kwangu," akasema. "Kalamu walinipa mimi. Kabla nipeleke kwa gazeti, nataka wewe uangalie kama kuna mtu nimeacha."

Nikavaa miwani, nikachukua rula kutoka kwenye katoni, nikashuka mstari kwa mstari. Mke wa marehemu Hezron. Mke mwenza wa marehemu Jerida. Hilo nililisoma mara mbili. Mama wa watoto saba, wote wamo. Nyanya wa Baraka Hezron na wenzake, wamo. Yule shemeji aliyejifanya hasikii, marehemu sasa, naye kamwandika. Nikafika penye dada za marehemu. Wanne, na wa tano: "Bi. Halima wa Makina, Kibera."

Nikaweka kidole hapo. "Erasto, hapa pana kosa. Mimi si wa ukoo. Na hata kikaoni jana sikuwepo. Futa."

"Mama," akasema, "kalamu ninayo mimi."

Tangazo lilitoka Ijumaa. Nilinunua gazeti kwa muuzaji wa pale Makina na kumwonyesha, akaniuliza kama ni Halima mwingine. Ofisini nikatoa kadi mpya kutoka kwenye sanduku la Mzee Mutiso, nikajaza jina la Foibe, kijiji, jalada, ukurasa. Kisha nikachukua kadi ya pili, kadi yangu ya mwisho kabla ya kurudisha funguo, nikaandika Halima, wa Makina, dada wa Foibe. Kwenye nafasi ya kazi nikaandika kwa wino mwekundu, msomaji wa magazeti, nikaiweka kwenye herufi H, ambapo hapakuwa na mtu wa kwetu hata mmoja.